Ghera ya Mwalimu na kipwa kilichofungwa: uchambuzi wa kisa

Siku ya kufungua kipwa, sehemu ya mwamba inayochomoza maji yakitoka na iliyokuwa imefungwa ili pweza wakue, palikuwa na turubai mbili, vipaza sauti, sinia za pilau na wageni waliokuja kwa mashua kutoka Amu, mji wa Lamu. Kasida zilisomwa. Pweza waliotoka siku hiyo walikuwa wakubwa kuliko waliozoeleka kwa miaka. Kitu kilichokosekana ni barafu. Mchuuzi mmoja tu ndiye aliyekuja na magunia sita, na ilipofika saa saba mchana bei ilikuwa imeanguka kutoka shilingi 200 kwa kilo hadi 140. Kina mama wakauza hivyo hivyo, maana pweza juani hangoji mtu apatane bei.

Uchambuzi huu unamhusu Mwalimu, mtu aliyekifikisha kijiji hapo: yale aliyoyaweza kwa sababu ya ghera yake, na yale yaliyomponyoka kwa sababu ya ghera hiyo hiyo. Kisa chenyewe kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Kijiji hakikutajwa, watu hawana majina, na takwimu za kijiji ni za mfano. Bahari, pweza na sheria ni vile vile vilivyo katika visiwa vya Lamu.

Mahali na watu wake

Kijiji kiko mashariki ya kisiwa cha Pate, upande unaotazama bahari kuu. Nje kuna mwamba, na ndani ya mwamba kuna kipwa cha kama hekta 40 kinachochomoza maji yakitoka. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, ni mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Katika kila bamvua hupatikana siku nne au tano ambazo maji hutoka vya kutosha, karibu saa nne asubuhi, mtu akaweza kutembea juu ya kipwa kwa saa mbili na kitu akichokoa pweza matunduni. Kwa mwezi ni siku tisa hivi. Maji mafu, yale ya katikati ya bamvua, hayana kitu.

Kipwa hiki kina watu wa aina mbili, na tofauti yao ndiyo kisa kizima. Wa kwanza ni wanaume wenye mashua na mitumbwi. Msimu wa upepo wa kaskazi hutoka nje ya mwamba kutafuta samaki na kamba. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari inachafuka na wengi hukaa pwani wakirekebisha nyavu. Wa pili ni kina mama 38 wanaochokoa kwa miguu, kila mmoja na chuma chake na ndoo. Hawa hawana chombo. Iwe kusi, iwe kaskazi, chao ni kipwa.

Wote ni wanachama wa BMU (Beach Management Unit), chombo ambacho sheria ya Kenya imekiweka ili wavuvi, wenye vyombo na wachuuzi wa diko moja (pwani ya kushushia samaki) wasimamie bahari yao pamoja na serikali. Kanuni za kwanza za BMU zilitoka 2007, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 ikaendelea kukitambua chombo hicho. Juu ya karatasi, mwenye neno la mwisho ni mkutano mkuu wa wanachama. Mwenyekiti na kamati yake ni watekelezaji tu.

Mwenyekiti wa kisa hiki ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtoto wa nahodha. Nusu ya kamati aliwafundisha kusoma. Hakuna anayemwita mwenyekiti. Ni Mwalimu, na inatosha. Neno lake moja ambalo hata watoto wanalijua ni kwamba bahari ni amana.

Juya la ndugu

Mpango wa kufunga kipwa ulikuwa umelala katika faili la BMU kwa miaka sita. Wenyeviti watatu waliupita. Sababu ilikuwa moja: kila mtu alijua kwamba wa kwanza kuguswa angekuwa jamaa ya mtu fulani, na hakuna aliyetaka kuanza na jamaa yake.

Mwalimu alianza na wake. Juya, wavu mrefu wa kukokota, na bunduki za kuvulia vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na kijiji kizima kilijua kwamba juya kubwa zaidi lililobaki lilikuwa la ndugu yake wa tumbo moja. Wiki ya kwanza ya uongozi wake, kabla ya kuitisha mkutano wowote, alikwenda kwa ndugu yake akakaa dakani kuanzia alasiri hadi magharibi. Yaliyosemwa hayakujulikana. Kesho yake wanaume wanne walilibeba juya mabegani hadi ofisi ya BMU, maji bado yanachuruzika, na Mwalimu akatembea nyuma yao bila kusema neno. Baadaye ilijulikana kwamba alimlipa ndugu yake shilingi 45,000 kwa mafungu matatu kutoka pensheni yake.

Mtu anayetaka kuelewa uongozi wa aina hii unavyofanya kazi aanzie hapa. Hotuba za mazingira kijiji kilikuwa kimezisikia nyingi, tena kutoka kwa watu wenye magari. Kilichowasogeza watu ni kumwona msemaji akilipa gharama ya maneno yake kabla hajamdai mtu mwingine. Katika wiki tatu zilizofuata alipita nyumba 41 baada ya isha. Alieleza jambo moja tu, na alilieleza vizuri: pweza wa mwamba huishi mwaka mmoja na kitu, hukua haraka mno akiwa mdogo, na akiachwa miezi michache uzito wake huongezeka mara mbili au zaidi. Jike hutaga mara moja, hukaa na mayai bila kula, yakianguliwa hufa. Kwa hiyo kumvua akiwa gramu 700 ni kula mbegu.

Hakusema uongo wala hakutia chumvi. Huko Andavadoaka, Madagaska, kijiji kilijaribu kufunga sehemu ya pweza kwa miezi michache 2004, na mtindo ukaenea pwani ile. Karibu na nyumbani, wavuvi wa Kuruwitu kaunti ya Kilifi walitenga hekta 30 hivi 2005 na hawajazifungua tena. Mwalimu alikuwa na mifano yote miwili mkononi. Tutarudi kwenye mifano hiyo, kwa sababu aliichanganya.

Mkutano mkuu ulipoitishwa, kipwa kilifungwa kuanzia 1 Mei kwa miezi minne. Vijana 16 walijitolea kufanya doria. Maboya 12 yalitengenezwa kwa mitungi ya plastiki na kamba za nailoni, nanga zake zikiwa magunia ya mchanga. Kazi iliyoshindikana miaka sita ilifanyika kwa siku 50. Kiongozi wa kawaida, mwenye mpango mzuri na moyo wa wastani, asingefika hapo, na uchambuzi wowote unaoruka jambo hili ili uharakishe kufika kwenye makosa haumtendei haki.

Kwa nini Mei?

Sababu ya kufunga wakati wa kusi ilionekana ya busara. Vyombo havitoki sana, doria ni rahisi kwa kuwa wageni hawaji na bahari imechafuka, na wenye mashua hawapotezi kitu. Haya yalisemwa mkutanoni na yote ni kweli.

Tatizo ni kwamba kusi ndio msimu ambao nyumba nyingi huishi kwa ndoo ya mama. Baba hatoki, au anatoka akirudi na kitoweo tu. Kina mama walibaki na kipwa kingine, kidogo, mwendo wa saa moja kwa miguu, kinachotoa nusu ya mavuno. Hesabu yake ni hii. Siku ya kawaida mama mmoja hupata kilo 3 kwa shilingi 200, yaani 600. Kwa siku tisa ni 5,400 kwa mwezi. Kwa miezi minne 21,600. Nusu ikipotea, kila mmoja amekosa 10,800. Kwa kina mama 38 ni shilingi 410,400.

Hesabu hiyo inafanyika nyuma ya daftari kwa dakika tano. Haikufanywa. Wala si kwa kuwa Mwalimu hakuwajali kina mama. Nusu yao ni ndugu zake. Hakufanya kwa sababu kufunga kipwa lilikuwa jambo la haki, na jambo la haki mtu haulizi bei yake. Ajabu ni kwamba kwa juya la ndugu yake aliuliza bei na akailipa. Alijua kabisa kwamba marufuku ina mtu anayeumia, ila alimwona anayeumia pale tu alipokuwa na uso wa ndugu na chombo kinachobebwa mabegani. Ndoo 38 zilizokaa tupu jikoni hazikuonekana.

Na kina mama, mbona hawakusema? Mmoja wao alisema, lakini alisema nyumbani kwa mshika hazina, usiku, mlango umerudishwa: “Mwanangu, mai (maji) yangu ni haya, sina mengine.” Mkutanoni alinyamaza kama wenzake.

Neno amana lilivyofanya kazi mbili

Kiongozi wa ghera hutumia maneno mazito, na uzito wa maneno ndio nguvu yake. Amana ni neno zito. Likishatumika, aliye upande wa pili anaitwa nini? Anaitwa khaini. Mwalimu hakuanza na neno khiyana. Lilikuja lenyewe mwezi wa pili, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mtu aliyetaka kuuliza kama kipwa kingeweza kugawanywa, nusu kifungwe na nusu kiachwe, alijikuta anauliza kama amana inaweza kuliwa nusu. Akakaa kimya.

Hapa ndipo wasomaji wengi wa visa vya uongozi hukosea kwa kusema kiongozi “alinyamazisha watu”. Hakumnyamazisha mtu. Aliwasikiliza kwa upole, alijibu kila swali, wala hakuwahi kupaza sauti ndani ya ofisi. Kilichowanyamazisha ni kwamba swali la shilingi lilionekana dogo na la aibu mbele ya neno kubwa. Kadiri Mwalimu alivyozidi kuheshimiwa, ndivyo ilivyozidi kuwa ghali kumwambia jambo. Mwezi wa kwanza aliletewa malalamiko saba. Mwezi wa tatu hakuletewa hata moja, naye akahesabu hilo kuwa mafanikio.

Pweza wanne na mafuta ya taa

Sheria ndogo za BMU ziliweka ngazi. Kosa la kwanza, onyo mbele ya kamati. La pili, faini ya shilingi 2,000. La tatu, kwa afisa wa uvuvi. Ngazi kama hizo hazikuwekwa kwa bahati: Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi 2009 kwa kuchunguza jamii zinazosimamia mali ya pamoja, aliona kwamba zile zinazodumu huanza na adhabu ndogo na kupanda polepole. Adhabu ndogo humwambia mtu kwamba ameonekana, na humwachia njia ya kurudi.

Juni, doria ilimkamata kijana wa kijiji jirani akiwa na pweza wanne. Kosa la kwanza. Mwalimu hakuisubiri kamati. Alimsimamisha kijana dikoni wakati watu wanatoka msikitini adhuhuri, akazungumza kwa dakika ishirini juu ya wizi wa haki ya watoto ambao hawajazaliwa, kisha pweza wale wakamwagiwa mafuta ya taa mbele ya watu ili wasiliwe. Kijana alisimama muda wote na ndoo yake. Baba yake ni nahodha huko kwao.

Tangu siku hiyo watu wa kijiji jirani hawakuja tena mchana. Walikuja usiku. Bamvua ina maji mawili ya kutoka kwa siku, la asubuhi na la usiku, na la usiku hakuna anayelitazama. Taa zilionekana kipwani mara kadhaa kabla doria haijafika, na zilizimwa mashua ilipokaribia. Kosa la pweza wanne lilikuwa limegeuzwa jambo la heshima ya ukoo, na jambo la heshima halina faini ya shilingi 2,000.

Ingekuwa rahisi kusema Mwalimu alighadhibika. La, alikuwa mtulivu. Aliruka ngazi kwa sababu aliamini, kwa dhati, kwamba kosa lenyewe lilikuwa kubwa kuliko sheria ndogo. Mwenye maadili makali huiona kanuni kuwa chombo cha maadili yake, na chombo kikiwa kidogo hukiweka kando. Hajui kwamba kanuni ile ilikuwa inamlinda yeye.

Doria nayo ilipungua: watu 16 mwezi wa Mei, watu 11 mwezi wa Juni, watu 5 mwezi wa Agosti. Doria moja ilikula petroli lita 10 na usingizi wa usiku mmoja, na moyo wa kujitolea hauna akiba ya miezi minne. Waliobaki watano walikuwa watoto wake wawili, mkwewe, na wanafunzi wake wawili wa zamani. Wote waaminifu. Lakini mtu aliyesimama pwani akiwatazama wanaondoka aliona nyumba moja inakwenda kulinda kipwa, na swali la kipwa ni cha nani likaanza kuulizwa.

Daftari la kurasa 96

Fedha za doria zilitoka sehemu tatu: mchango wa shilingi 100 kwa wiki wa wenye mashua, ruzuku ndogo ya mfadhili, na mfuko wa Mwalimu mwenyewe. Petroli ilipoisha katikati ya bamvua, alinunua kwa fedha zake, kisha ruzuku ilipoingia akajirudishia. Kwa miezi minne ilifika shilingi 23,000. Katika daftari la shule la kurasa 96 aliandika hivi: “mafuta – 1,900 – M.” Hakuna tarehe, hakuna risiti, na M ni yeye.

Mshika hazina, kijana mwenye duka la vipuri vya mashini, alimwomba risiti mara mbili. Mara ya pili Mwalimu alimwangalia kwa huzuni kuliko hasira. “Kijana wangu, wanishuku?”

Kijana hakuuliza tena. Na hapo mtu ambaye hajawahi kula senti ya mtu akawa hana namna ya kuthibitisha. Septemba, maneno yalipoanza kuzunguka kwamba ruzuku imeliwa, hakukuwa na karatasi hata moja ya kumtetea. Uadilifu wake ulikuwa ndiyo stakabadhi, nayo stakabadhi ya namna hiyo husomeka kwa wanaokupenda tu.

Mzee mmoja, nahodha wa zamani, ndiye aliyemwambia neno lililoingia: “Mwalimu, umetusomesha amana mwaka mzima. Amana hiyo haina daftari?” Hakuhitaji kufafanua. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na inaonya watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Ndani ya neno lile lile alilolitumia kuwahamasisha watu kulikuwa na utaratibu mzima wa kuandika na kushuhudiwa. Mwalimu alikuwa amechukua moto wa neno akaacha masharti yake.

Hesabu ya kufungua

Siku ya kwanza ya kufungua watu 210 walishuka kipwani, wakati kina mama na wavuvi wa kijiji hawafiki 90. Habari ilikuwa imetangazwa mbali, maana Mwalimu alitaka vijiji vingine vione. Vyombo vilikuja na wazamiaji wenye miwani, nao huingia kwenye kina ambacho mama wa miguu hawezi.

Zilitoka kilo 610. Siku ya pili 340, ya tatu 210, ya nne 150: jumla kilo 1,310. Uzito wa wastani ulikuwa kilo 1.4, mara mbili ya gramu 700 za kabla. Kwa upande wa pweza, jaribio lilifaulu.

Sasa barafu. Katika joto la pwani, kilo moja ya samaki inataka karibu kilo moja ya barafu ili ifike sokoni ikiwa nzima. Kilo 610 zilitaka kama magunia 12 ya kilo 50. Yalikuwepo sita. Mchuuzi hakuwa mkorofi. Alishusha bei kwa sababu nusu ya mzigo ulikuwa unaharibika mbele yake. Hasara ya bei ya siku ya kwanza pekee ni shilingi 36,600, zaidi ya gharama ya magunia sita na nauli ya mchuuzi wa pili. Kamati ilikuwa imekutana mara tano kuandaa siku hiyo. Mambo yaliyojadiliwa yalikuwa wageni, kasida, turubai na nani asome dua.

Kina mama 38 kwa siku nne walipata kilo 400. Ni kilo 10.5 kwa kila mmoja, kama shilingi 1,470. Walikuwa wamekosa 10,800. Kwa haki, pweza waliobaki waliendelea kuwa wakubwa kwa bamvua mbili zaidi, kwa hiyo pengo lilipungua kidogo baadaye. Lakini waliolipa zaidi ndio waliopata kidogo zaidi, na waliopata zaidi wengine hawakuwa wa kijiji.

“Kuna anayepinga amana?”

Mwalimu aliiona kilo 1.4. Oktoba aliitisha mkutano mkuu na pendekezo jipya: mwaka ujao kipwa kifungwe miezi saba, kisha nusu yake kisifunguliwe tena.

Hapa ndipo alipochanganya Madagaska na Kuruwitu. Kufunga kwa muda ni kwa ajili ya pweza, anayekua upesi na kufa upesi. Ukimwacha miezi saba badala ya minne hupati faida ya maana: wengi waliokua watakuwa wameshataga na kufa bila kufika kwenye ndoo. Kufunga moja kwa moja ni kwa ajili ya samaki na matumbawe, vinavyohitaji miaka, na faida yake hutoka nje ya mpaka polepole. Ni dawa mbili za maradhi mawili. Lakini mtu anayepima kwa kipimo cha haki huona kwamba kama miezi minne ni wema, saba ni wema zaidi.

Wanachama 83 walihudhuria. Baada ya hotuba Mwalimu aliuliza swali hili, na limo katika muhtasari: “Kuna anayepinga amana?” Hakuna aliyeinua mkono. Katibu akaandika, “Ilikubaliwa kwa kauli moja.”

Wiki ya tatu maboya tisa kati ya 12 yalikatwa kamba usiku. Mwalimu alisema ni mahasidi. Kamba tisa, zilizofungwa umbali wa mita mia na zaidi kutoka moja hadi nyingine, hazikatwi na hasidi mmoja kwa usiku mmoja. Zile ndizo kura ambazo mkutano haukuzipiga.

Kilichobadilishwa

Mshika hazina, mzee nahodha na mama wawili walikwenda kwa Mwalimu pamoja. Hawakumtaka ajiuzulu, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: bila yeye, kijiji kisingekuwa na kipwa cha kugombania. Walimtaka aache kazi nne kati ya zile alizokuwa akizifanya peke yake.

Kwanza, adhabu. Kamati ya watu watatu, mmoja wao mwanamke, Mwalimu si mmoja wao. Ngazi za sheria ndogo zifuatwe hata kama kosa linachoma moyo.

Pili, fedha. Risiti kwa kila lita, sahihi mbili, na daftari lisomwe kwa sauti dikoni kila bamvua ikimalizika. Zile shilingi 23,000 zisizo na risiti ziliandikwa hivyo hivyo, “hazina risiti”, na mkutano ukaamua kuzipokea. Hili lilimuuma Mwalimu kuliko yote. Ndilo pia lililomaliza maneno ya mitaani kwa siku mbili.

Tatu, mikutano. Kina mama wakutane kwanza peke yao, bila Mwalimu, na hesabu yao iletwe kwa maandishi. Katika mkutano mkuu Mwalimu aseme mwisho. Swali la kura lisitaje amana. Litaje miezi, mpaka na shilingi.

Nne, mapumziko. Doria iwe ya zamu na posho ya shilingi 300, watu wanne wa nyumba nne tofauti.

Mambo aliyoachiwa yalikuwa yale ambayo hakuna mwingine aliyeyaweza. Alikwenda kijiji jirani, akaketi kwa baba wa yule kijana wa pweza wanne, akaomba radhi mbele ya wazee. Alirudi na ahadi ya watu wawili wa kule kuingia zamu ya doria. Kwa safari hiyo ghera yake ilikuwa mahali pake: mtu wa baridi asingeomba radhi kwa namna ya kuaminika.

Max Weber, msomi wa Ujerumani aliyeandika juu ya mamlaka yatokanayo na karama ya mtu, alisema mamlaka hayo hayadumu mpaka yageuzwe utaratibu. Kinachosahaulika ni kwamba mwenye karama mara nyingi huuona utaratibu kama tusi. Mwalimu hakuwa tofauti. Miezi miwili aliendelea kupita nyumba kwa nyumba baada ya isha “kueleza tu”, na ilibidi mzee nahodha awe anakwenda kumtembelea saa hizo hizo ili asitoke.

Pendekezo jipya lililotokana na kina mama lilikuwa hivi. Kipwa kifungwe miezi mitatu, Desemba hadi Februari, kaskazi, wakati vyombo vinatoka nje na nyumba zina kipato kingine. Kufunga kaskazi kuna ubaya wake: bahari shwari huwarahisishia wageni, kwa hiyo doria iongezwe kutoka mbili hadi nne kwa bamvua, na wenye mashua wapandishe mchango hadi 150. Robo ya kipwa, iliyo karibu na kijiji, ibaki wazi kwa wanaotembea. Siku mbili za kwanza za kufungua ni za miguu tu, bila miwani, na kikomo ni kilo 8 kwa mtu. Wachuuzi watatu waagizwe wiki mbili kabla, bei ipatanwe kabla ya mtu kulowa, na kila mchuuzi aonyeshe barafu yake. Shughuli ya wageni, kama ipo, iwe siku ya tano.

Kura ilipigwa kwa kikapu kilichofunikwa kanga. Kila mwanachama alipewa kokwa ya tende na kete. Kokwa ni kukubali, kete ni kukataa, na mkono ulioingia ulitoka umefumbwa. Mwalimu alipiga kura yake kama wengine, akarudi kukaa nyuma.

Kokwa zilikuwa 61, kete 22. Watu walipoanza kutawanyika alimfuata mshika hazina, akamwuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana kujua wale ishirini na wawili ni kina nani, awaendee nyumbani akawaeleze. Mshika hazina alikuwa ameshamwaga kokwa na kete zote katika ndoo moja.